Tumbawe jipya usilipige taa kali siku ya kwanza

Wenye matangi ya maji chumvi ya kufugia samaki na matumbawe (wale viumbe hai wa baharini wanaoshika kwenye mawe) huku Mwanza tuko wachache, watu wakikukuta unakoroga chumvi kwenye ndoo na ziwa hilo hapo linapiga mawimbi wanakuona chizi, lakini haya. Tumbawe likifika usikimbilie kuliweka juu kabisa ya mawe eti lionekane. Ndani ya nyama yake kuna vimwani vidogo sana vinavyolilisha kwa kutumia mwanga, ukivipiga taa kali ghafla vinazidiwa, tumbawe linavitema na kubaki jeupe pee. La kwangu la kwanza lilipauka upande ule tu uliotazama taa, kwenye kivuli likabaki kahawia, ndo nikashtuka.

Siku hizi naliweka chini mchangani, pembeni, taa naishusha mpaka kama nusu, halafu naongeza asilimia 5 hivi kila baada ya siku 3 au 4, yani ni wiki kadhaa, haraka ya nini. Taa yako haipunguziki? Kunja chandarua kiwe tabaka tatu, kiwe kisafi na kisicho na dawa (cha dawa kitakuulia kamba na samaki), tandika juu ya tangi, kila wiki toa tabaka moja. Na umeme ukikatika ukarudi cheki taima, yangu ilishawahi kupoteza saa taa ikawaka usiku kucha.

Likichanua vizuri lipandishe kidogokidogo, likijikunja au kupauka lirudishe chini. Yale matumbawe yenye umbo la uyoga mi nayaachaga hukohuko chini, hayana makuu.