Namna ya Kujitosa Bila Kujiangamiza

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na wanaohubiri ujasiri siku hizi hupenda kuusahau usemi huo. Kuthubutu kuna faida kubwa, ila huanza kwa kupima kina cha maji.

Andika kwenye karatasi kile hasa unachohofia kukipoteza: fedha kiasi gani, muda gani, heshima mbele ya nani. Usiliache jambo hili kichwani, kwani humo hasara huvimba. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile, kwa hiyo mizani ya moyo pekee haiaminiki. Kisha jiulize ni hasara ipi isiyorekebishika. Kazi uliyonyimwa utaiomba tena. Akiba ya matibabu iliyotiwa yote katika biashara usiyoijua hairudi kwa urahisi. Ya namna hiyo iache, au ipunguze hadi iwe kiasi ambacho hata kikipotea utabaki umesimama.

Baada ya hapo jipangie ngazi. Tuseme unaogopa kuzungumza mbele za watu. Katika mkutano ujao uliza swali moja ulilokwisha kuliandika. Katika unaofuata toa maoni. Baadaye omba kusoma taarifa fupi. Utaratibu huu wa kuukabili woga hatua kwa hatua ulitumiwa na daktari Joseph Wolpe katika tiba ya hofu miaka ya 1950, na wataalamu wa saikolojia hawajauacha.

Wengi huharibu pale wanaposimama kuzungumza. Moyo unadunda, viganja vimelowa jasho, sauti inakwaruza katika maneno matatu ya mwanzo. Ukiketi wakati huo utapata nafuu ya papo hapo, lakini mwili utakuwa umejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na mara ijayo woga utakuanza mapema zaidi, pengine ukiwa bado nyumbani. Ukivumilia, kwa kawaida hofu hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka yenyewe, na mara nyingi sentensi ya tano au ya sita hutoka kwa sauti yako ya siku zote. Rudia zoezi hilo kabla halijapoa.

Iwapo hofu imezidi hadi unasahau ulichojiandalia, shuka ngazi moja bila kuona aibu. Wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson, katika majaribio ya panya waliyoyachapisha mwaka 1908, waliona kwamba kazi inapokuwa ngumu, kichocheo kikali mno huzuia kujifunza. (Ni panya, naam, lakini aliyewahi kukwama kwenye usaili anapoulizwa ajieleze hatawacheka.)

Kwa jambo la fedha, andika pia, kabla hujaingia, kiasi cha hasara kitakachokufanya ujitoe, maana aliyekwisha kuingia hakosi sababu ya kuongeza kidogo.