Jinsi ya kupakia na kusafirisha eskaveta kwa lobedi, kuanzia tepu mpaka kushusha

Watu wakiona lobedi (tela lenye sakafu ya chini, la kubebea mitambo) limebeba eskaveta wanadhani kazi ni kuendesha, utaulizwa tu "suka, hilo dude si linavuta nyuma sana?" Kuvuta ni shughuli ya injini bwana. Kazi ya dereva wa mitambo iko chini, kwa miguu, tepu mkononi na cheni begani, kabla gari halijasogea hata mita moja. Hapa naongea na mtu ambaye semi tela ya mizigo ya kawaida anaijua na sasa kapewa mtambo wake wa kwanza. Mfano wangu ni eskaveta ya treki (inayotembelea mikanda ya chuma badala ya matairi) ya tani 20 hivi, nyingine ntazigusa njiani.

Hatua ya 1: Jua uzito, afu pima mwenyewe

Usikubali lile jibu la "ni tani kama ishirini hivi". Mtambo una kibati chenye modeli na namba zake, kisome, afu jumlisha vilivyoongezwa baadae, mfano nyundo ya kuvunjia mawe au baketi kubwa kuliko ya kiwandani. Na tope. Treki zikijaa udongo zinaongeza uzito, zinateleza, na lile bonge likidondoka ukiwa kwenye spidi linavunja kioo cha mtu nyuma yako. Mwambie opereta akwangue kabla hajapanda, akinuna mwache anune.

Kimo sasa. Eskaveta ya tani 20 ikikunja mkono vizuri inakuwa na kama mita 3 kwenda juu. Fletibedi la kawaida (tela bapa lisilo na kuta) sakafu yake iko kama mita 1.5 kutoka chini, lobedi iko chini ya mita 1. Jumlisha, huku 4.5 huku haifiki 4, na hiyo nusu mita ndo inaamua kama unapita chini ya daraja au unaligonga. Ndo maana fletibedi tunaliachia mabomba, nondo, jenereta na roli ndogo za kushindilia. Ukishapakia pima tena, na upime sehemu iliyo juu kuliko zote, ambayo mara nyingi sio kebini, ni kile kiwiko cha bumu (mkono mkubwa wa mtambo). Andika namba kwenye karatasi, bandika mbele yako kwenye dashibodi, maana ukifika kwenye kibao cha daraja akili imechoka hutaki kuanza kukumbuka.

Upana nao, treki zinaweza kuzidi tela pande zote mbili, hapo unahitaji kibali, bendera, taa na pengine gari la kusindikiza. Kibali kinataja njia na saa za kutembea, kisome chote hata kama bosi kasema "kiko sawa twende".

Hatua ya 2: Kupandisha

Tafuta sehemu ngumu na tambarare, vuta hendibreki, weka vigingi kwenye tairi. Treki ya chuma juu ya rampu la chuma (njia ya kupandia telani) lililolowa ni sabuni, kwahiyo tandika mbao au mpira. Apandishe opereta, sio wewe, labda kama una ujuzi nao kweli. Gia ya taratibu, anyooke toka chini, hakuna kukata kona akiwa kwenye rampu.

Pale juu rampu linapoishia ndo pana hatari zaidi, mtambo unaning'inia kidogo afu unaanguka mbele ghafla. Opereta mzuri anashusha baketi karibu na sakafu ili mkono upokee uzito, ashuke polepole. Wa kutoa ishara awe mmoja tu, asimame anapoonekana, na pembeni mwa tela asibaki mtu, hata yule anayejifanya anarekodi video.

Hatua ya 3: Mtambo ukae wapi

Ukikaa mbele sana unakandamiza ekseli za kichwa (gari la mbele linalovuta tela), ukikaa nyuma sana stelingi inakuwa nyepesi na tairi za nyuma zinalia. Kusogeza hata nusu mita kunabadilisha kila kitu mizani. Ukishapata mahali sahihi piga alama ya chaki au rangi kwenye tela, safari nyingine ya mtambo wa aina hiyo hiyo hutapoteza muda.

Hatua ya 4: Kufunga (hapa usiwe na haraka)

Hesabu inayotumika kwenye kufunga mizigo ni hii: ukipiga breki kali mzigo unasukuma kwenda mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, pembeni na nyuma 0.5. Kwa tani 20 maana yake ni tani 16 zinakuja kwenye kebini yako. Msuguano wa sakafu unasaidia, ndo sababu ya ule mpira chini ya treki, ila wa kukuokoa ni cheni.

Cheni nne ndo mwanzo, kila kona moja, na ya tano ya mkono na baketi. Hata sheria za Marekani kwa mtambo unaozidi kama kilo 4,500 zinadai zisipungue nne na kwamba mkono ushushwe chini kabisa ufungwe. Za nyuma zivute kuelekea nyuma, za mbele zivute mbele, ili zivutane. Funga kwenye masikio yaliyowekwa kwa kazi hiyo, sio kwenye silinda za hidroliki, sio kwenye ngazi. Cheni ina kibandiko au alama ya uwezo wake, isiyo na alama iache nyumbani ufungie geti.

Bainda, kile chuma cha kukazia, chukua ya ratcheti (inayokaza kidogo kidogo kwa meno). Ile ya mkono wa kubinya inarudi kwa nguvu ikikuponyoka, na jamaa wanaongezea bomba ili kupata nguvu, huko ni kutafuta kuvunjwa taya. Ukishakaza funga mkono wa bainda kwa waya.

Halafu mambo madogo ambayo utingo mgeni hayajui: weka pini ya kuzuia kebini isizunguke, kunja vioo, funga milango, na ziba mdomo wa ekzosti. Upepo ukiingia pale unaweza kuzungusha turbo wakati injini imezimwa na oili haipiti, bearing zinakwisha. Kama ni shoveli ya matairi inayokunjika katikati, weka chuma chake cha kufungia kiungo, na ujue itadunda kwenye matairi yake na cheni zitalegea mapema.

Hatua ya 5: Barabarani

Simama baada ya kilomita kumi na kitu hivi, kaza tena, kitu lazima kimelegea. Baada ya hapo kagua kila ukisimama na usipitishe masaa matatu. Mteremko unachagua gia ukiwa bado juu, ukishaanza kuteremka umechelewa, breki zikianza kunuka simama zipoe. Kwenye reli na matuta makali lobedi inakwama kwa tumbo, kwahiyo usipite pale ambapo huoni upande wa pili, mtume utingo ashuke aangalie kwanza.

Na maisha yenyewe, jamani, ni kusubiri. Unasubiri opereta, unasubiri kibali, unasubiri saa za kutembea zifike, yaani siku nzima umetembea masaa manne. Beba maji mengi, chakula kisichoharibika, glavu pea mbili, tochi ya kichwani. Lala mchana ukipata nafasi. Utingo usimchoshe kwa vitu vya kijinga, yeye ndo jicho lako la nyuma.

Hatua ya 6: Kushusha

Kabla ya kufungua bainda tembea uangalie kama mtambo umehama, cheni iliyobeba mzigo ikiachiliwa inachapa. Simama pembeni, fungua polepole, cheni ya mkono mwisho. Ukishashuka piga picha pande zote nne na saa za injini kwenye dashibodi yake, mpokeaji asaini hapo hapo, afu hesabu bainda zako kabla hujakunja rampu kwasababu pale saiti bainda ndo kitu cha kwanza kupotea.