Halmashauri ya Bolton: nani ana uamuzi, na barua yako umpelekee nani

Mimi ni mkalimani hapa Bolton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, nimwandikie nani?" Anaweza kuwa mama wa Bukavu, kijana wa Mombasa au mzee wa Unguja, swali ni lile lile. Wengi wanaponijia huwa wameshamwandikia meya. Wamemwona kwenye picha, mkufu wa dhahabu shingoni, wakaamini ndiye mwenye mji. Siye. Nawaandikia haya ili barua yenu ifike kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo, kwa sababu nimeona watu wenye haki zao kabisa wakichoka kwa kugonga mlango usio wao.

Kwanza, ijue halmashauri yako ni ya aina gani

Bolton ni moja ya halmashauri 36 za miji mikubwa zilizoundwa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Ziko katika maeneo sita tu: Greater Manchester, Merseyside, South Yorkshire, West Yorkshire, Tyne and Wear na West Midlands. Zamani juu yake kulikuwa na mabaraza ya kaunti, lakini serikali ya Margaret Thatcher iliyafuta mwaka 1986, na sehemu kubwa ya kazi zake ikashuka kwa halmashauri. Ndiyo maana halmashauri hizi zimebeba mzigo mkubwa: nafasi za shule, ustawi wa jamii, ulinzi wa watoto, barabara za mitaa, taka, maktaba, vibali vya ujenzi, leseni za teksi, masoko. Ukiwa Wigan, Oldham au Wakefield, mengi ninayoeleza hapa yanakuhusu vilevile.

Bolton ina watu karibu 296,000 kwa sensa ya mwaka 2021, imegawanywa kata 20, na kila kata ina madiwani watatu. Jumla madiwani 60. Hawachaguliwi wote kwa mpigo: kila Mei, katika kata yako, kiti kimoja kati ya vitatu kinapigiwa kura, na baada ya miaka mitatu ya hivyo mwaka wa nne hauna uchaguzi wa madiwani. Birmingham na Rotherham wameacha utaratibu huo, wanachagua wote siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo usishangae madiwani wako watatu wakiwa wa vyama tofauti.

Mameya wawili, na kiongozi asiyevaa mkufu

Meya mwenye mkufu ni diwani ambaye wenzake wamemchagua awe mwenyekiti wa baraza kwa mwaka mmoja. Anaongoza kikao, kura zikilingana anapiga ya kuamua, anafungua maonyesho, anatembelea shule. Siku ya kula kiapo cha uraia huenda ndiye atakayekupa mkono. Ni kazi ya heshima na inaunganisha mji, lakini hawezi kuamua barabara yako itengenezwe.

Mwenye nguvu ni kiongozi wa halmashauri. Huyu hachaguliwi na wakazi moja kwa moja. Anachaguliwa na madiwani wenzake, na kwa kawaida ni mkuu wa chama chenye madiwani wengi. Pasipokuwa na chama chenye zaidi ya nusu, vyama hupatana, au chama kimoja huongoza kwa kutegemea kura za wengine. Kiongozi huteua kabineti yake, na sheria inaruhusu watu wasiozidi kumi, yeye akiwemo. Kila mmoja anapewa eneo lake: mmoja watoto na shule, mwingine barabara, mwingine fedha, mwingine huduma za wazee na wagonjwa. Maamuzi mengi makubwa hufanyika kwenye meza hiyo. Madiwani waliobaki hawana mamlaka ya kuagiza kitu, ila wana sauti, wana kura kwenye bajeti, na barua zao hujibiwa haraka kuliko zako na zangu.

Kila mji una mpango wake. Jirani zetu wa Salford wana meya wa mji anayechaguliwa na wananchi wenyewe, na huyo ndiye mtendaji. Doncaster ni hivyo hivyo. Sheffield walipiga kura ya maoni Mei 2021 na kuanzia 2022 wakaacha kabineti, maamuzi yakarudi kwenye kamati za madiwani. Kabla hujaandika, angalia mji wako uko upande gani.

Halafu yuko meya wa pili, wa Greater Manchester nzima, eneo ambalo Bolton imo ndani yake. Andy Burnham alikuwa wa kwanza kuchaguliwa, Mei 2017. Anayeshika kiti hicho anaongoza mamlaka ya pamoja iliyoundwa mwaka 2011, akikaa na viongozi wa halmashauri zote kumi. Mabasi ya njano yaliyoanza Septemba 2023, Bolton na Wigan zikiwa za kwanza, yako chini ya mamlaka hiyo. Polisi na zimamoto pia. Basi lisipokuja, usimchoshe diwani.

Soma bili yako ya kodi

Kila Machi bahasha ya kodi ya halmashauri inafika mlangoni, na watu wanaangalia namba ya chini tu. Nikikaa na mtu mezani, namwambia aifungue yote, kwa sababu ule ukurasa ni ramani ya utawala. Kuna mstari wa halmashauri ya Bolton. Kuna kiasi kilichotengwa kwa huduma za watu wazima wanaohitaji uangalizi. Kuna mstari wa meya kwa ajili ya polisi, na mwingine wa meya kwa shughuli nyingine, zimamoto ikiwemo. Ukiishi Horwich, Blackrod au Westhoughton utaona na mstari wa baraza dogo la mji, kwa sababu sehemu hizo tatu zina mabaraza yao madogo chini ya Bolton.

Herufi iliyoandikwa pale, kuanzia A mpaka H, ni daraja la nyumba kwa bei yake ya Aprili 1991. Ndiyo, 1991, hata kama nyumba ina thamani nyingine kabisa leo. Kama wewe ni mtu mzima peke yako nyumbani, una haki ya punguzo la asilimia 25, lakini lazima uliombe. Malipo kwa kawaida hugawanywa miezi kumi. Unaweza kuomba yawe kumi na mbili ili kila mwezi upumue kidogo. Na kama kipato ni kidogo, msaada wa kodi hii unaombwa halmashauri, si ofisi ya ajira. Nimekutana na akina mama wengi waliolipa bili nzima kwa miaka bila mtu kuwaambia hilo, na linaniuma kila mara.

Wafanyakazi walioajiriwa

Tanzania tumezoea mkurugenzi wa halmashauri kuteuliwa na Rais. Huku mkurugenzi mtendaji anaajiriwa na halmashauri yenyewe, hapaswi kuwa mwanachama anayefanya siasa, na anabaki kazini hata chama kinachoongoza kikibadilika. Chini yake kuna wakurugenzi wa idara. Wawili kati ya wakubwa wana kazi ya kisheria ambayo diwani hawezi kuizuia: afisa anayesimamia uhalali wa maamuzi na mwenendo wa madiwani, na mkuu wa fedha. Huyu wa fedha akiona matumizi yanazidi mapato na hakuna njia, anatoa taarifa rasmi na matumizi mapya yanasimama. Birmingham ilitokea hivyo Septemba 2023. Serikali kuu ikatuma makamishna, na mwaka uliofuata kodi ikapanda kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo kikao cha bajeti, ambacho sheria inataka kiwe kimemaliza kupanga kodi kabla ya tarehe 11 Machi, kinakuhusu hata kama hukipendi.

Jambo dogo la kila siku ni la afisa, si la diwani: pipa halikuchukuliwa, taa ya barabarani imezima, kuna shimo njiani. Ripoti kwenye tovuti ya halmashauri au kwa simu, uombe namba ya kumbukumbu, uiandike. Bila namba hiyo huna la kufuatilia.

Kumwandikia diwani

Diwani anaingia pale ambapo njia ya kawaida imekwama, au unapotaka kitu kipya. Weka msimbo wa posta wako (postcode) kwenye tovuti ya halmashauri, majina matatu yatatokea pamoja na barua pepe na siku zao za kusikiliza wananchi, mara nyingi kwenye maktaba au ukumbi wa mtaa. Mwandikie mmoja. Ukiwaandikia watatu kwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake ameshalishika. Zikipita wiki mbili kimya, nenda kwa wa pili.

Barua iwe fupi. Ninazosaidia kuandika huwa hivi: "Mimi ni mkazi wa kata yako, mtaa fulani, namba fulani. Watoto wa shule wanavuka barabara hii saa mbili na nusu asubuhi na hakuna kivuko. Niliripoti tarehe fulani, namba ya kumbukumbu ni hii. Naomba umuulize mhusika wa barabara kama eneo hili litapimwa, na lini." Basi. Hakuna hadithi ya maisha, hakuna lawama, kuna swali moja linalojibika. Diwani akipokea barua ya kurasa nne hajui aanze wapi. Kama Kiingereza hakijakaa sawa, andika hivyo hivyo kwa sentensi fupi. Na huulizwi uraia: diwani ni wa kila anayeishi kwenye kata, mwenye kura na asiye na kura.

Jambo likiwa limefika kwenye kabineti, muda ndio kila kitu. Uamuzi mkubwa lazima utangazwe siku 28 kabla, na ajenda ya kikao itoke siku tano za kazi kabla. Zote ziko wazi kwenye tovuti. Uamuzi ukishapitishwa, kamati ya madiwani inayowachunguza watendaji inaweza kuurudisha ujadiliwe tena kabla haujatekelezwa, lakini dirisha ni la siku chache tu. Kwa hiyo ukisikia kituo cha vijana kitafungwa, usisubiri tangazo la mlangoni. Nenda ukumbini pia, viti vya wananchi vipo na huhitaji mwaliko. Ila elewa kwamba ubishi wa kweli mara nyingi umeshamalizika kwenye kikao cha ndani cha chama, ambako mnadhimu, yaani msimamizi wa kura za chama, ameshazihesabu. Ndiyo maana barua ya wiki tatu kabla inafanya kazi kuliko makofi ya siku yenyewe.

Milango isiyo ya halmashauri

Hospitali ni ya NHS, huduma ya afya ya taifa. Viza ni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na hapo mbunge wako ndiye wa kumwandikia. Universal Credit, ile posho ya wenye kipato kidogo, ni ya serikali kuu. Nyumba nyingi zilizokuwa za halmashauri Bolton zilihamishiwa shirika la nyumba la Bolton at Home mwaka 2011, kwa hiyo bomba likivuja unaanza na mwenye nyumba huyo. Nafasi ya shule, lakini, inaombwa halmashauri: sekondari mwisho tarehe 31 Oktoba, msingi tarehe 15 Januari. Tarehe hizi ziandikeni ukutani.

Ukitaka taarifa yoyote ambayo halmashauri inayo, sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000 inaipa siku 20 za kazi kukujibu, popote ulipotoka duniani. Ukiwa na malalamiko, maliza kwanza ngazi za ndani za halmashauri. Usiporidhika, nenda kwa Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa na huduma za jamii, bure, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo.

Kura yako

Hili wengi wetu hawalijui. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola, na ukiwa na kibali cha kuishi hapa na umefika miaka 18 unaweza kujiandikisha na kupiga kura, ya diwani, ya meya na hata ya mbunge, bila kuwa na pasi ya Uingereza. Ukiwa na ukaazi wa kudumu unaweza hata kugombea udiwani. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanasubiri mpaka wapate uraia wa hapa au wa nchi nyingine yenye haki hiyo.

Kujiandikisha kwenye daftari ni kwa mtandao na kunafungwa siku 12 za kazi kabla ya kura. Tangu Mei 2023 unaonyesha kitambulisho chenye picha; pasi yako ya Tanzania au Kenya inakubaliwa, na asiye nacho anaomba cheti cha mpiga kura bila malipo. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na ukiwa umeshasimama kwenye foleni saa nne ikigonga, utapiga kura.