Kazi ya pembeni na kodi yake: ninavyoweka hesabu zangu

Nafundisha sekondari ya binafsi, Tabata. Jumamosi na siku za likizo natafsiri nyaraka na kufanya ukalimani kwenye semina za mjini. Mwanzoni niliamini PAYE inayokatwa kwenye mshahara imenimalizia kila kitu. Haimalizi. Ile ni kodi ya mshahara. Hela ya pembeni inajumlishwa nao mwisho wa mwaka, na ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka, inatakiwa kufika TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Anza na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Waajiriwa wengi tunayo ile isiyo ya biashara, kwa hiyo omba ibadilishwe. TIN ni bure, usimpe mtu hela ya soda. Kufikia 31 Machi unapeleka makadirio ya mapato na kodi ya mwaka huo, kisha unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Hapa naomba unisikilize vizuri: kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa kwa huduma ya kitaalamu inakata 5% na kuipeleka TRA. Hela hiyo ni yako, inapunguza kodi yako ya mwisho, ila ushahidi wake ni cheti. Kuna mteja mmoja alinikata 60,000, halafu kila nikipiga simu naambiwa njoo wiki ijayo, mpaka mhasibu wao akahama. Sikupata cheti, nikailipa tena kutoka mfukoni. Iliniuma sana. Siku hizi ankara yangu ina TIN na mstari mmoja chini: "Malipo yaambatane na cheti cha kodi ya zuio." Na soma mkataba kabla ya kusaini. Wakikuandika kwenye orodha ya mishahara kama ajira ya pili, makato ni 30% na gharama zako hazihesabiwi.

Gharama zinazokubalika ni zile zilizotumika kupata mapato hayo tu. Nauli ya nyumbani kwenda shule haimo. Ya mwendokasi kutoka Kimara kwenda Posta kwenye semina imo. Bando nagawanya, kwa sababu wanangu nao wanalitumia. Kompyuta mpakato haiondolewi yote mwaka mmoja, inachakaa kwa 37.5% ya thamani iliyobaki. Yangu niliinunua 1,600,000, kwa hiyo uchakavu wa mwaka wa kwanza ni 600,000. Robo ya matumizi yake ni ya nyumbani, nikadai 450,000.

Tazama mwaka wangu wa 2024. Mshahara baada ya kutoa NSSF ulikuwa 810,000 kwa mwezi, yaani 9,720,000 kwa mwaka. Tafsiri ziliingiza 3,600,000, zote kutoka kwa kampuni. Gharama, pamoja na huo uchakavu, zilifika 1,320,000. Ikabaki 2,280,000, na kwa kiwango cha 25%, ambacho mshahara wangu ulikuwa umeshafikia, kodi yake ni 570,000. Vyeti vya zuio vilikuwa vya 180,000, nikabakiwa na deni la 390,000. Nisingekuwa na kumbukumbu za gharama, sehemu ya juu ingeingia kwenye kiwango cha 30% na kodi ingekuwa 966,000 kabla ya kutoa vyeti. Yaani ile bahasha ya risiti ilikuwa na thamani ya 396,000, karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi!

Kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, hata ya rimu moja ya karatasi. Bodaboda hatoi risiti. Naandika tarehe, safari na kiasi kwenye daftari jioni hiyohiyo, ingawa hizo ndizo gharama ninazozitegemea kidogo kuliko zote. Malipo ya kazi yanaingia kwenye laini ya peke yake, nisije nikachanganya na hela ya kikoba.

Kumbukumbu zinatunzwa miaka 5, lakini risiti ya EFD kwenye joto la Dar inafutika kabla hata ya mwaka kuisha. Ipige picha siku hiyohiyo, kabla hujaiweka kwenye bahasha.