Namna ya Kuandika Hesabu za Kisumeri kwenye Kibao cha Udongo

Mwalimu wa historia anayefundisha Mbeya au Iringa anavyo karibu vitu vyote vinavyohitajika ili wanafunzi wake waandike kama Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo: udongo wa mfinyanzi, matete na hesabu ya mahindi. Hesabu ndiyo itangulie, kwa kuwa vibao vya kale kuliko vyote, vilivyoandikwa yapata mwaka 3300 KK katika mji wao wa Uruk, kwa sehemu kubwa havisimulii vita wala wafalme, bali vinataja shayiri, kondoo, bia na posho za wafanyakazi. Ninaamini kwamba mwanafunzi anayeanzia ghalani huelewa Wasumeri upesi kuliko yule anayekaririshwa majina ya miji yao.

Udongo unaofaa ni ule wanaotumia wafinyanzi wa karibu nawe. Walioko Kyela wawaendee Wakisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao vinajulikana kotekote Nyanda za Juu Kusini. Ondoa changarawe na mizizi, ukande kwa maji kidogo mpaka uache kunata vidoleni, kisha finyanga kibao kinachoenea kiganjani. Udongo ukiwa laini mno alama hujifumba, na ukikauka mno kingo zake hupasuka.

Kalamu ni tete kavu lililokatwa ncha ili libaki na pembe kali. Wasumeri, waliokaa katika uwanda wa mito Frati na Tigri usio na mawe wala mbao nzuri za kutosha, walitegemea tope na matete kwa maandishi na hata kwa nyumba zao.

Sasa gandamiza, usikwaruze. Alama za mwanzo kabisa zilikuwa michoro, kwa mfano suke lililomaanisha shayiri, lakini baadaye makarani waliacha kuchora wakawa wanadidimiza ncha ya tete, na ndipo ukazaliwa mwandiko wa kikabari. Laza tete kwa mshazari, didimiza pembe yake, kisha liinue moja kwa moja: utapata kabari yenye kichwa kipana juu na mkia mwembamba chini. Hiyo ni 1. Kwa 10, didimiza pembe peke yake ili ipatikane alama pana isiyo na mkia mrefu. Wape wanafunzi muda mwingi katika hatua hii, kwa sababu mkono uliozoea penseli huvuta bila kukusudia.

Wasumeri walihesabu kwa makundi ya 60, na kutokana na utaratibu huo, uliorithiwa na Wababeli, saa yetu ina dakika 60. Magunia 75 huandikwa hivi: kabari moja ya 60 upande wa kushoto, nafasi ndogo, alama moja ya 10, halafu kabari tano, tatu juu na mbili chini yake. Kwa kuwa 60 na 1 huandikwa kwa kabari ya umbo lilelile, magunia 61 yanaweza kusomwa kuwa mawili. Basi fanya kabari ya 60 iwe kubwa zaidi, kama makarani wa maghala walivyofanya mara nyingi. Waache wanafunzi wabadilishane vibao na kusomeana, nao watagundua wenyewe uzito wa kosa hilo kwa mtunza ghala.

Vibao vikaushwe kivulini kwa siku kadhaa. Hakuna ulazima wa kuvichoma, kwani vibao vingi vya kale vilikaushwa tu, na baadhi ya vilivyoiva viliiva kwa sababu jengo liliungua. Visivyohitajika viloweshwe na kukandwa upya, kama ilivyofanyika katika shule za makarani mjini Nippur, ambako hata baada ya Kisumeri kuacha kusemwa majumbani, wanafunzi waliendelea kunakili maandishi yake.