Kisu cha porini: kagua mpini kabla ya makali

Kisu cha porini kikivunjika, mara nyingi huvunjikia pale bapa linapoingia kwenye mpini. Kwa hiyo ukienda kununua, makali yaache kwanza, maana hayo yananoleka. Kagua msuka, yaani chuma kilichozama ndani ya mpini. Ulio imara ni mpana kama mpini wenyewe na umefika hadi mwisho wake, kiasi kwamba chuma kinaonekana ukingoni pande zote, mbao zikiwa zimebanwa kwa ribiti. Msuka mwembamba uliofichwa nao unafaa ikiwa ni mrefu na mabega yake, yaani pale bapa linaposinyaa kuwa msuka, yamechongwa kwa mviringo. Bega lenye kona kali hukusanya nguvu ya kila pigo mahali pamoja, na ufa huanzia hapo.

Vile visu vyenye mpini mtupu wa kuwekea kiberiti na ndoana, dira ikiwa kwenye kifuniko, viache dukani. Bapa lake hushikiliwa na kipande kifupi tu cha chuma. Meno ya msumeno mgongoni ni pambo: gogo hayalikati, na ukipasua kuni yanatafuna rungu la kukipigia kisu.

Bapa la sm 10 hadi 13 linatosha, unene wa mgongo uwe mm 4 hivi. Lenye mm 2.5 huchonga vizuri sana ila halipendi kutumiwa kubandulia vitu kwa nguvu. Kona za mgongo ziwe kali, nyuzi 90, ndipo zitoe cheche kwenye kijiti cha chuma cha kuwashia moto.

Chuma cha kaboni, kama aina iitwayo 1095, hunoleka upesi na hushika kutu upesi. Kwa mtu wa pwani, kisichoshika kutu ni nafuu, ingawa nacho kikilala na maji ya chumvi kitapata madoa. Ukimpa mhunzi springi ya gari akufulie kisu, kwanza ikagueni kama ina nyufa, kwa sababu springi iliyochoka huwa nazo zisizoonekana haraka. Baada ya kukizima kisu, yaani kukitumbukiza kwenye mafuta kikiwa chekundu kwa moto, akipashe tena moto wa nyuzijoto 200 hivi za Selsiasi kwa saa moja au mbili. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na kisu kilichorukiwa hupasuka kama kioo kikianguka kwenye jiwe.

Kupasua kuni: chagua kigogo chembamba kuliko urefu wa bapa, ncha ichomoze angalau sm 3 upande wa pili. Piga mgongo kwa rungu la mti, kamwe si kwa nyundo wala jiwe. Ukikuta fundo, geuza kigogo. Usikisokote kisu kukitoa. Mpingo mkavu usijaribu kabisa.

Kunoa: bapa la upana wa mm 30 likiinuliwa mgongo mm 10 juu ya jiwe, umepata nyuzi 20 hivi kila upande. Sukuma hadi kidole kisikie ukwaruzo mwembamba wa chuma upande wa pili wa makali, kisha geuza. Makali yakimeguka kwenye kazi nzito, inua hadi mm 13.

Ala ya ngozi hunywa maji na kuyashikilia, basi kisu kikihifadhiwa nyumbani kikae nje ya ala, kimekaushwa na kupakwa mafuta ya cherehani kidogo. Kama kinakata chakula, tumia mafuta ya kupikia.