Kuvua perege kwa ndoana, kuanzia Ziwa Rutamba hadi Mto Ruvuma

Perege ana mdomo mdogo na hula kwa kudonoa, kwa hiyo kosa la kwanza huwa ndoana kubwa. Tumia namba 10 au 12. Namba ikipanda, ndoana inapungua. Ndoana ya kambale italiwa chambo tangu asubuhi na samaki usimwone.

Mwanzi wa mita 3 na mshipi wa urefu huohuo vinatosha. Chelezo, yaani kielea cha mshipi, kata kwenye ndala kuukuu, kisizidi ncha ya kidole. Chubwi, yaani kizito cha mshipi, funga sentimita 15 juu ya ndoana. Chelezo kinatakiwa kisimame, kichwa tu kikionekana. Kikilala ubavu, ama uzito hautoshi, ama chubwi imegusa chini.

Chambo ni kipande cha mnyoo, au ugali mgumu uliokandwa tena mpaka usigande vidoleni, ukubwa wa punje ya mbaazi. Ugali laini huyeyuka kabla perege hajaufikia.

Tupa kando ya matete. Chelezo kikitikisika, tulia: anaonja tu. Kikizama au kikianza kutembea, inua ncha ya mwanzi kwa kiganja. Ukivuta kwa bega zima, utampasua mdomo.

Jike hulea mayai na vitoto mdomoni. Akivitema, mrudishe majini upesi, tafadhali.

Ruvuma ina mamba: simama mbali na ukingo, wala usiparie samaki hapohapo unapovulia.